Makala Tatu, Jaribio Moja: Namna ya Kuusoma Wasifu wa Mtafiti wa Tiba Mtandao

Ukifungua ukurasa wa mtafiti kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafutia maandiko ya kitaaluma, jicho linakwenda moja kwa moja kwenye kijisanduku cha pembeni. Mna jumla ya mara alizonukuliwa, mna herufi h na nambari yake, mna i10, vipimo viwili nitakavyovieleza mbele. Mhadhiri anayeandaa maombi ya kupanda daraja kule Tunguu, makao ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, anajua nambari hizo zinaweza kutazamwa kabla hata makala zake hazijafunguliwa. Wafadhili huzitazama. Mwanafunzi anayetafuta msimamizi wa tasnifu huzitazama pia, na pengine huamua kwa hizo tu.

Katika fani ya tiba mtandao, yaani kumshauri, kumfuatilia au kumtibu mgonjwa aliye mbali kwa simu, picha au video, nambari hizi zinahitaji kufafanuliwa kwa subira. Visiwa vyetu vina haja kubwa na fani hii. Pemba ina watu zaidi ya laki tano, na mgonjwa wa huko anayehitaji bingwa aliyeko hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, hana njia ila boti au ndege. Picha moja ya eksirei ikisomwa na bingwa aliye mbali, mtu anaweza kuepushwa na kuvuka bahari akiwa na maumivu, na jamaa zake wakaepuka nauli na malazi ya mjini. Basi kumjua mtafiti anayeifanya kazi hii vizuri, na kumtofautisha na mwenye nambari nyingi tu, ni jambo lenye faida kwa watu ambao hawatasoma makala yoyote ya kitaaluma maishani mwao.

Tuanze na kunukuliwa kwenyewe. Mwandishi wa makala mpya akiitaja makala yako katika orodha yake ya marejeo, umenukuliwa mara moja. Wazo la kuzikusanya nukuu hizo na kuzipanga lilitolewa na Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955, na faharasa yake kubwa ya sayansi ikaanza kutoka mwaka 1964. Nia yake ilikuwa kumsaidia msomaji kutafuta: ushike makala moja nzuri ya zamani, uangalie nani waliitaja baadaye, uzifikie kazi mpya za mada ile ile. Baadaye chombo hicho cha kutafutia kikageuzwa kuwa mizani ya kuwapimia watu, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Maana kutajwa na kusifiwa ni mambo mawili. Jina la mtu linaweza kuzunguka barazani mchana kutwa kwa sababu ya ubaya wake. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na tatizo la usonji. Makala hiyo ilifutwa rasmi mwaka 2010. Hata hivyo imenukuliwa mara nyingi mno, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2019 uliokusanya maandiko 1,153 yaliyoitaja ulikuta zaidi ya asilimia 72 yaliitaja kwa kuipinga. Mashine ya kuhesabu haijui kupinga wala kukubali. Kwake zote ni nukuu.

Sasa herufi h. Kipimo hiki kilibuniwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa California. Zipange makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi mpaka iliyonukuliwa kidogo kabisa, kisha ushuke nazo ukihesabu. Tuseme mtafiti ana makala nane, zilizonukuliwa mara 120, 31, 14, 9, 6, 5, 2 na 0. Makala ya tano imenukuliwa mara 6, kwa hiyo ana makala tano ambazo kila moja imefikia nukuu tano au zaidi. Ya sita ina nukuu 5 tu, haifiki sita. Basi h yake ni 5. Iwapo ile makala ya kwanza ingenukuliwa mara 3,000 badala ya 120, h ingebaki 5 vile vile. Uzuri wake ni kwamba makala moja iliyobahatika haimbebi mtu. Ubaya wake ni huo huo, kwa sababu kazi moja kubwa inayobadilisha matibabu ya dunia nzima huhesabiwa sawa na makala nyingine yoyote iliyovuka kizingiti. Ile i10 ni nyepesi zaidi: idadi ya makala zilizonukuliwa angalau mara kumi. Mtafiti wetu ana tatu.

Tena h haishuki. Hupanda kwa umri hata mtu akiacha kufanya utafiti, kwani makala zake za zamani huendelea kutajwa. Kumlinganisha daktari kijana wa Chake Chake aliyeanza kuandika miaka mitano iliyopita na profesa wa Ulaya mwenye miaka thelathini kazini, kwa nambari hiyo moja, ni kumdhulumu kijana. Hirsch alipoeleza kwamba h ya 20 baada ya miaka 20 ni dalili ya mwanasayansi aliyefanikiwa, alikuwa anawazungumzia wanafizikia wenzake. Na mwaka 2020 yeye mwenyewe aliandika kwamba kipimo chake kinaweza kukosea vibaya na kuleta madhara ambayo hayakukusudiwa.

Usishangae pia ukiona mtafiti mmoja ana h tatu tofauti. Google Scholar huhesabu karibu kila inachokikuta mtandaoni, tasnifu na ripoti zikiwemo. Kanzidata nyingine mbili, Scopus na Web of Science, huchagua majarida ya kuhesabu, na majarida mengi ya Afrika Mashariki yamo nje ya uchaguzi huo. Anayekuonyesha nambari bila kukwambia ameitoa kanzidata gani hajakupa habari kamili.

Tiba mtandao nayo ina tabia zake. Mzizi wake ni wa zamani: mwaka 1905, Willem Einthoven wa Uholanzi alipeleka mapigo ya moyo ya mgonjwa kwa waya wa simu kutoka hospitali ya Leiden hadi maabara yake, umbali wa kama kilomita moja na nusu. Lakini majarida yanayohusika na fani hii peke yake yalianza mwaka 1995, kama Journal of Telemedicine and Telecare lililoasisiwa Uingereza na Richard Wootton. Fani yenye majarida machache na waandishi wachache hutoa nukuu chache, hata kazi ikiwa bora. Isitoshe, inakutanisha watu wa desturi mbili. Mhandisi anayeunda programu ya simu huipeleka kazi yake kwenye mkutano wa kitaaluma na kuichapisha katika kumbukumbu za mkutano. Daktari huona kumbukumbu hizo si kitu, anataka jarida la tiba. Mtafiti aliyesimama kati ya wawili hao hupungukiwa huku na huku.

Kisha ikaja Uviko mwaka 2020. Kliniki zikafungwa, madaktari wakahamia kwenye simu na video, na makala za tiba mtandao zikafurika kuliko wakati wowote. Waliokuwa wameandika kabla ya hapo, hata mambo ya kawaida, walijikuta wananukuliwa na maelfu ya waandishi wapya waliohitaji marejeo ya haraka. Majarida ya fani hii nayo yakaona kipimo cha jarida kikiruka. Hiki hupatikana kwa kuchukua nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, na kuzigawa kwa idadi ya makala hizo. Kwa hiyo ukiona mchoro wa nukuu za mtafiti wa tiba mtandao umepanda ghafla kuanzia 2020, jiulize kwanza kama ni yeye aliyepanda au ni maji yaliyopanda na vyombo vyote.

Ili haya yasibaki hewani, tuchukue kazi iliyofanyika hapa hapa. Watafiti wa Denmark wakishirikiana na Wizara ya Afya Zanzibar walifanya jaribio lililoitwa Wired Mothers. Wajawazito 2,550 waliingizwa kupitia vituo 24 vya afya ya msingi katika wilaya sita. Vituo viligawanywa kwa bahati nasibu. Kwa nusu ya vituo, akina mama walipokea ujumbe mfupi wa simu unaokwenda na umri wa mimba, pamoja na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Nusu ya pili waliendelea na huduma ya kawaida.

Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 2012 katika BJOG, jarida la Uingereza la uzazi na magonjwa ya wanawake: waliojifungua mbele ya mhudumu mwenye ujuzi walikuwa asilimia 60 kwa waliopata ujumbe, na asilimia 47 kwa wasiopata. Mwaka 2014 ikatoka makala ya pili, katika jarida jingine, kuhusu mahudhurio ya kliniki: waliofika mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44 dhidi ya 31. Mwaka huo huo ikatoka ya tatu, katika jarida la tatu, kuhusu watoto wanaofariki karibu na kuzaliwa au katika siku za mwanzo za uhai: 19 kwa kila 1,000 dhidi ya 36.

Jaribio moja, makala tatu. Sioni kosa hapo, kwa kuwa kila makala inajibu swali lake na kila swali lina uzito wake. Lakini tazama linavyoingia kwenye hesabu. Makala tatu zikinukuliwa vya kutosha zinaweza kumwongezea mwandishi h hadi 3, ambapo makala moja ndefu yenye matokeo yote ingemwongezea 1. Mwandishi wa baadaye anayetaka kusema tu kwamba simu ziliwasaidia wajawazito wa Zanzibar ataitaja moja, au zote tatu, kwa kupenda kwake. Wapo wengine duniani wanaokata utafiti mdogo vipande vipande visivyo na maana ili kuongeza idadi, na kwenye kijisanduku cha nambari huwezi kuwatofautisha na hawa. Lazima makala zifunguliwe zisomwe.

Ukizifungua utakuta jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Katika ile makala ya 2012, ongezeko la kujifungua kwa mhudumu mwenye ujuzi lilikuwa kubwa na la wazi kwa wanawake wa mjini. Kwa wanawake wa vijijini halikuonekana. Mtu akiinukuu makala hiyo kwa kuandika "simu ziliongeza uzazi salama kutoka asilimia 47 hadi 60", amenukuu sawasawa na bado amewaacha nje wale ambao tiba mtandao hudai kuja kuwafuata walipo. Mtafiti wa kweli wa fani hii atalishika hapo hapo: kwa nini ujumbe umfae mama wa mjini na umpite mama wa shamba? Je, simu ni ya mume? Je, umbali wa kituo, nauli ya usiku, uamuzi wa wakwe? Anayetumia miaka mitatu kijijini Micheweni akitafuta jibu huenda akapata makala moja itakayonukuliwa mara chache. Huku anayekaa ofisini na kukusanya tafiti za wengine katika makala ya mapitio atanukuliwa zaidi, kwa kuwa makala za mapitio kwa kawaida hutajwa kuliko za utafiti wa uwanjani. Nazithamini makala za mapitio, zina kazi yake. Ila kama kila mmoja atakimbilia huko, wa kuyazalisha ya kukusanywa atatoka wapi?

Nchini kwetu nukuu hukutana pia na tatizo la majina. Mzanzibari huitwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Kanzidata zilijengwa kwa desturi ya jina la ukoo, zikichukua jina la mwisho na kulifupisha la kwanza. Anayeitwa Ali Khamis Juma huwa "Juma AK". Makala inayofuata akiandika majina mawili tu, huwa "Khamis A", na hapo kazi yake imegawika kwa watu wawili machoni mwa mashine. Na hao akina "Khamis A" Unguja na Pemba ni wangapi! Asha, Abdalla, Amina, Amour, wote wamo. Mmoja anapewa makala za mwenzake, mwingine anapokonywa zake. Dawa ipo na ni bure: kitambulisho cha ORCID kilichoanza mwaka 2012, nambari ya tarakimu 16 inayomfuata mtafiti popote jina lake litakapoandikwa vipi. Mtafiti kijana akijiandikisha kabla ya makala yake ya kwanza, na akachagua namna moja ya kuandika jina asiibadilishe, amejiepushia usumbufu wa miaka.

Kisha nafasi katika orodha ya waandishi. Kwenye tafiti za tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba kazi, la mwisho ni la aliyesimamia. Wa katikati wanaweza kuwa wamefanya mengi au machache, nambari hazisemi. Mwaka 2006 The Lancet lilichapisha jaribio lililofanyika Pemba kwa watoto 24,076 wa umri wa mwezi 1 hadi 35. Liligundua kwamba kuwapa watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki, mahali palipojaa malaria, kuliongeza kwa asilimia 12 uwezekano wa kufariki au kulazwa kwa madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake. Halikuwa jaribio la tiba mtandao, nalitaja kwa sababu linaonyesha kazi ya kisiwani inavyoweza kuitikisa dunia, na kwa sababu h humgawia kila mwandishi nukuu zile zile, aliyebuni swali, aliyechambua takwimu Marekani, na aliyesimamia uchukuaji wa damu kwenye shehia za Pemba. Wale waliotembea nyumba kwa nyumba na mabuku yao ya kuandikia, ambao majina yao hayamo kabisa, hawapati hata moja.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi. Majarida mengi yanayosomwa bure humtoza mwandishi, na ada ya zaidi ya dola 2,000 kwa makala ni ya kawaida. Wachapishaji wakubwa hutoa msamaha au punguzo kwa waandishi wa nchi maskini, lakini mara nyingi lazima uombe mapema, unapotuma makala. Wasiojua hilo huangukia kwa majarida ya ulaghai yanayochapa chochote kwa dola mia, bila wataalamu kuipitia kazi, na makala ikishachapwa huko ni vigumu kuiokoa.

Je, kuna namna bora ya kupima? Yule Richard Wootton aliyeasisi jarida la tiba mtandao alihamia Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norwei, na mwaka 2013 akachapisha njia yake mwenyewe ya kupima tija ya mtafiti. Aliunganisha vitu vitatu: fedha za utafiti alizopata, makala alizochapisha, na wanafunzi wa udaktari wa falsafa aliowasimamia. Kinachonivutia ni hicho cha tatu. Kwa nchi yenye watafiti wachache wa fani hii, aliyewalea wengine watatu amefanya jambo ambalo nukuu haziwezi kulionyesha. Kile cha kwanza kina walakini, kwa sababu fedha huwafuata walio karibu na wafadhili.

Azimio la San Francisco la kutathmini utafiti, lililotolewa mwaka 2013, linazitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha jarida kumhukumu mtu mmoja mmoja. Ilani ya Leiden ya mwaka 2015, yenye kanuni kumi za kutumia vipimo vya utafiti, inakwenda mbele zaidi: kanuni yake ya tatu inataka ubora wa tafiti zinazohusu mahali husika ulindwe. Hii inatugusa. Mwongozo wa Kiswahili wa kumfundisha mkunga namna ya kupiga picha ya kidonda na kuituma kwa bingwa hautanukuliwa na mtu wa Boston. Unaweza kutumika kila siku kwenye kituo cha afya Kojani.

Ningekuwa nakaa kwenye kamati ya kupandisha madaraja, ningeomba faili la mtafiti wa tiba mtandao liwe na ukurasa mmoja wa ziada, kabla ya orodha ya machapisho. Ndani yake aeleze makala zake tatu anazoziamini kuliko zote, na katika kila moja yeye alifanya nini hasa. Aonyeshe kama mfumo alioujaribu bado unatumika baada ya fedha za mradi kwisha, na katika vituo gani. Aambatishe barua ya Wizara au ya hospitali inayosema ni kipi kilibadilika. Ataje aliowafundisha, na wako wapi leo. Aseme jaribio lake lilimfikia nani na lilimkosa nani, mjini na shamba, mwenye simu na asiye nayo. Nambari za nukuu ziwekwe chini ya hayo, na jina la kanzidata na tarehe zilipochukuliwa, ili kila mjumbe azisome akiwa ameshajua zinamhusu mtu wa namna gani.